Kutoka Kitabu cha MTUHA hadi Slaidi: Mwongozo wa Kompyuta na Mawasiliano kwa Mwanafunzi wa Afya

Kila kundi la wanafunzi linaporudi kutoka field, yaani mafunzo ya vitendo vituoni, maswali ni yale yale. Mbona tarehe zangu zimegeuka namba? Jedwali la yaliyomo linatengenezwaje? Mama akisema hakumbuki hedhi yake ya mwisho, niandike nini? Slaidi ziwe ngapi? Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata kazi moja tangu mwanzo hadi mwisho. Kompyuta ikifundishwa kama orodha ya vitufe, husahaulika mara tu mtihani unapopita.

Kazi yenyewe ni ya kawaida kwa wanafunzi wa uuguzi na ukunga, utabibu na afya ya jamii katika vyuo vya Tanzania: kujua ni wajawazito wangapi wa kituo fulani walianza kliniki kabla mimba haijatimiza wiki 12, kisha kuandika ripoti na kuiwasilisha mbele ya darasa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unashauri mjamzito akutane na mtoa huduma angalau mara 8, na mara ya kwanza iwe ndani ya wiki 12 za mwanzo. Ukiwa na mada nyingine, kama malaria au chanjo, badilisha majina ya safu tu. Njia haibadiliki.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Kompyuta yenye Excel, Word na PowerPoint. Kama huna leseni, LibreOffice ni ya bure na inatosha kwa kila kitu kilichomo humu, ila vitufe vingine vimekaa sehemu tofauti. Kwa simu janja unaweza kusoma na kurekebisha kidogo; usiitegemee kuandika ripoti nzima.
- Barua pepe yenye jina lako halisi. Ile uliyoifungua kidato cha pili yenye jina la msanii, waachie marafiki.
- Sehemu mbili za kuhifadhi kazi: kompyuta na hifadhi ya mtandaoni, au kompyuta na flashi. Flashi peke yake haihesabiki.
- Barua ya chuo ya kukutambulisha kituoni.
- Daftari na kalamu. Ndiyo, bado.

Hatua ya 1: Andika swali kwa sentensi moja

Kosa kubwa kuliko yote ni kuanza na ukurasa wa jalada: nembo ya chuo, majina ya kundi, rangi. Inapofika saa nane usiku jalada linapendeza na ndani hakuna kitu. Anza na swali, kwa kalamu: "Kati ya wajawazito waliohudhuria kliniki mara ya kwanza kituoni hapa kuanzia Aprili hadi Juni, wangapi walikuja kabla ya wiki 12?" Sentensi hiyo imekwisha kukuambia nani unamhesabu, wapi, lini, na unapima nini. Kisichosaidia kuijibu, usikikusanye.

Hatua ya 2: Omba ruhusa, na uyaache majina kituoni

Peleka barua kwa mganga mfawidhi, kisha jitambulishe kwa muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto. Usiruke huyu wa pili. Ndiye atakayekuonyesha Kitabu cha 6 cha MTUHA (Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya), ambamo wajawazito huandikwa, na ndiye anayejua kwa nini mwezi fulani una mistari michache.

Usipige picha kurasa za kitabu. Wanafunzi wengi hufanya hivyo "ili nikajaze vizuri hosteli", na picha zinaishia kwenye kundi la WhatsApp la darasa zikiwa na majina, vijiji, hata majibu ya vipimo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Kaa pale pale kituoni, mpe kila mama namba yako mwenyewe (1, 2, 3…), na unakili safu unazozihitaji tu. Hata namba yake ya kadi usiichukue.

Hatua ya 3: Uliza ueleweke

Kuna siku utakaa na muuguzi wakati akina mama wanapokelewa, na utaambiwa uchukue historia. Hapa ndipo takwimu huharibika kabla hata kompyuta haijawashwa. Darasani unafundishwa kwa Kiingereza, mama yuko mbele yako anazungumza Kiswahili, na wewe unamuuliza tarehe ya hedhi ya mwisho kwa kifupi cha Kiingereza, "Mama, LMP yako ni lini?" Anatabasamu, anataja tarehe yoyote ili akuridhishe.

Fanya hivi:

1. Msalimu kwanza, kwa heshima inayomfaa. Mama wa miaka 38 ukiwa na miaka 20 ni shikamoo, hata kama umevaa koti jeupe.
2. Jitambulishe kuwa wewe ni mwanafunzi, na mwombe ridhaa.
3. Uliza: "Mara ya mwisho uliingia hedhi lini? Nataka siku ile ya kwanza ulipoona damu." Wengi hutaja siku ya kumaliza, au mwezi ambao hedhi *haikuja*. Vyote viwili vinakupotosha.
4. Asipokumbuka, mshike mkono kwa matukio: ilikuwa kabla au baada ya Ramadhani? Pasaka ilikuwa imepita? Shule zilikuwa zimefunguliwa? Uwe na kalenda mezani, muitazame pamoja.
5. Rudia jibu kwa sauti: "Kwa hiyo ni tarehe 10 mwezi wa tatu, siyo?"
6. Akiwa hakumbuki kabisa, andika "haijulikani". Usikisie. Kisanduku kitupu kina heshima kuliko tarehe ya kubuni.

Usimuulize kwa namna ya kumlaumu: "Mbona umechelewa hivyo?" Muulize nini kilimzuia kuja mapema. Nauli, kusubiri mume apate ruhusa kazini, kutotaka watu wajue mimba ikiwa changa: majibu haya ndiyo yatakayoipa uhai sehemu ya majadiliano ya ripoti yako.

Ukikutana na hali ya hatari, acha takwimu. Mpe muuguzi taarifa kwa mpangilio unaoitwa SBAR, ambao ulianzia kwa wanamaji wa Marekani kabla ya kuingia hospitalini: hali iliyopo, historia fupi, unavyoiona wewe, na unachoomba. Kwa mfano:

"Sista, ni mimi mwanafunzi. Kuna mama hapa presha yake ni 160 kwa 110, nimeipima mara mbili. Mimba ni ya wiki 34, mara ya mwisho kadi inaonyesha 120 kwa 80. Kichwa kinamuuma na anaona ukungu. Nahofia kifafa cha mimba. Naomba uje umwone sasa hivi."

Haichukui hata nusu dakika. Linganisha na "Sista, samahani, kuna mama mmoja pale, sijui, naona kama presha iko juu juu hivi."

Hatua ya 4: Ingiza takwimu kwenye Excel

Kaa hapa muda mrefu kuliko hatua nyingine zote.

1. *Panga mfumo wa tarehe wa kompyuta kwanza.* Kompyuta nyingi zinakuja zikiwa zimepangwa Kimarekani, mwezi ukitangulia siku. Fungua Control Panel, ingia Region, na kwenye Short date chagua dd/MM/yyyy. Usipofanya hivi, 10/03/2025 yako itasomwa kuwa tarehe 3 Oktoba, na Excel haitakuonya.

2. *Mstari wa kwanza uwe wa vichwa.* A: namba. B: hedhi ya mwisho. C: hudhurio la kwanza. D: umri wa mama. E: wiki za mimba. F: wiki zilizoandikwa kitabuni. Mstari mmoja, mama mmoja. Usiunganishe visanduku na usiache mistari mitupu katikati kwa ajili ya urembo. Kisha View, Freeze Panes, Freeze Top Row, ili vichwa vibaki vikionekana ukishuka chini.

3. *Zuia makosa mlangoni.* Chagua safu ya D, nenda Data, Data Validation, ruhusu namba kamili kati ya 10 na 55. Ukiandika 222 badala ya 22, Excel itakataa.

4. *Hesabu wiki.* Katika E2 andika:

=IF(B2="","",INT((C2-B2)/7))

Buruta kona ya kisanduku hadi mstari wa mwisho. Safu ya E iwe na mfumo wa namba wa kawaida, General. Kwa mama ambaye tarehe yake haijulikani, acha B tupu kwenye Excel, na neno "haijulikani" libaki kwenye daftari lako. Jaribu na mfano huu: hedhi 10/03/2025, hudhurio 02/06/2025. Jibu sahihi ni 12 kamili, kwa kuwa ni siku 84. Ukipata namba hasi, rudi kwenye kipengele cha 1.

Wanafunzi wa ukunga huuliza kuhusu tarehe ya makadirio ya kujifungua. Ni =B2+280, na kwa mfano wetu inatoka 15/12/2025. Ukihesabu kwa mkono, ongeza siku 7 na urudi nyuma miezi 3, unapata 17/12/2025. Usishtuke. Miezi haina siku sawa, kwa hiyo njia hizo mbili zinaweza kupishana siku chache. Tumia ile kituo kinayotumia, na useme ni ipi.

5. *Linganisha E na F.* Zikipishana wiki moja, sawa. Zikipishana sita, rudi kitabuni uone kama wewe ndiye uliyekosea kunakili.

6. *Toa jibu.* Kwa wajawazito 60 (mstari wa 2 hadi wa 61), walio chini ya wiki 12 ni =COUNTIF(E2:E61,"<12") na wenye wiki zinazojulikana ni =COUNT(E2:E61). Tuseme 4 hawakukumbuka, basi asili ya sehemu yako, namba ya chini, ni 56 na siyo 60. Wakiwa 21 walikuja mapema, asilimia ni 37.5. Ukigawa kwa 60 unapata 35. Ukilichagua lolote, andika umegawa kwa nini. Mkufunzi atakuuliza hilo kabla ya jingine. Angalia pia yule mama wa wiki 12 kamili: kwa fomula hii hayumo kwenye "mapema". Amua mapema mpaka wako uko wapi, na uutumie ule ule katika ripoti yote.

7. *Hifadhi kama .xlsx, siyo .xls.* Muundo ule wa zamani una mistari 65,536 tu. Kundi lako halitafika huko, lakini Oktoba 2020 wakala wa afya ya umma wa Uingereza ulikosa kuripoti karibu wagonjwa 16,000 wa COVID-19 kwa sababu faili la muundo huo lilijaa na mistari iliyozidi ikaachwa kimyakimya. Jina la faili nalo liwe na maana: kliniki_kundi4_2025-06-20. "Final final mpya kabisa 2" si jina.

Hatua ya 5: Tafuta maandiko ya kulinganisha

PubMed, hazina ya mtandaoni ya kutafutia makala za afya, ni ya bure kwa kila mtu. Andika maneno machache ya Kiingereza, yaunganishe kwa AND, na weka alama za kunukuu kwenye maneno yanayokwenda pamoja: "antenatal care" AND Tanzania AND timing. Matokeo yakiwa maelfu, ongeza neno. Yakiwa mawili, punguza. Makala ikitaka malipo, muulize mkutubi kama chuo kimesajiliwa Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya afya bure au kwa bei ndogo. Kwa picha ya nchi nzima, tumia ripoti ya utafiti wa afya ya mwaka 2022, TDHS-MIS.

Programu za akili unde zinaweza kukusaidia kunyoosha Kiingereza chako. Ukiziomba marejeo, hata hivyo, zinaweza kubuni makala ambazo hazipo, zenye waandishi na kurasa kamili. Rejeo ambalo hujalifungua kwa macho yako, usiliweke.

Hatua ya 6: Andika ripoti kwenye Word

Anza na matokeo, kisha mbinu, kisha majadiliano. Utangulizi uandike karibu na mwisho, na muhtasari mwisho kabisa.

1. Kila kichwa cha sura kipe Heading 1, vichwa vidogo Heading 2, kutoka sehemu ya Styles. Usikikoleze tu kwa wino mzito. Word haitajua kuwa ni kichwa.
2. Kuanza ukurasa mpya, bonyeza Ctrl na Enter. Ukijaza Enter kumi na tano, neno moja likiongezeka juu kila kitu kinahama.
3. Jedwali la yaliyomo: References, Table of Contents. Limekwisha. Ukiliona limepitwa, bofya kulia, Update Field.
4. Jedwali lipe kichwa kinachojitegemea: wapi, lini, wangapi. Sentensi iliyo chini yake iseme jambo, isirudie namba zote.
5. Marejeo: fuata mtindo wa chuo chako. Vyuo vingi vya afya vinatumia Vancouver, wenye namba, au Harvard, wenye majina na miaka. Zotero ni programu ya bure inayokupangia yote mawili. Kujifunza kuitumia kutakula jioni moja.
6. Bonyeza Ctrl na S kila baada ya aya. Umeme haupigi hodi.

Soma ripoti yote kwa sauti kabla ya kuchapisha. Unapokosa pumzi, sentensi ni ndefu mno. Kisha itoe kama PDF, ndiyo utakayoipeleka kwenye duka la stesheneri, maana kompyuta ya pale inaweza kukosa fonti zako na kuvuruga kila ukurasa.

Hatua ya 7: Slaidi na kusimama mbele

Kwa dakika 10, slaidi 8 zinatosha. Kila moja jambo moja, herufi zisiwe chini ya 24, maandishi meusi juu ya weupe. Usinakili aya kutoka Word. Picha za wagonjwa zisiwepo, hata sura ikiwa imefichwa.

Kundi likiwa na watu sita, usigawe slaidi kama pipi, kila mtu moja. Wawili wazungumze, wengine wajiandae kujibu maswali. Najua wakufunzi wengine hutaka kila mmoja aseme. Ukiwa na huyo, mfuate.

Fanya mazoezi kwa sauti, umesimama, saa ikiwa mbele yako. Sentensi ya kwanza na ya mwisho zikae kichwani. Ukikwama Kiingereza, tumia neno jepesi badala ya kutafuta kubwa: "came early" inaeleweka kuliko "timely initiation" iliyokwama kooni. Bonyeza B wakati slaidi zinaonyeshwa, skrini itakuwa nyeusi na macho yote yatarudi kwako. Ukiulizwa usilolijua, jibu, "Hilo hatukulikusanya," unyamaze. Kubahatisha mbele ya watu waliofanya kazi wodini miaka ishirini hakuna faida.

Hatua ya 8: Tuma

Barua pepe isiyo na kichwa wala salamu, yenye kiambatisho tu, ndiyo inayowaudhi wakufunzi kuliko zote. Hii inatosha:

*Kichwa: Ripoti ya field, Kundi la 4, Ukunga mwaka wa 2*

*Shikamoo Mwalimu. Naambatanisha ripoti ya kundi letu kuhusu mahudhurio ya kwanza ya wajawazito, Aprili hadi Juni 2025, kwa muundo wa PDF. Faili la Excel lisilo na majina ya wateja nalo lipo. Tunaomba maoni yako kabla ya siku ya uwasilishaji. Asante. (Jina lako, namba ya usajili.)*

Weka kiambatisho kwanza, ndipo uandike anwani. Hutatuma barua tupu.

Mambo yakikwama

*Kisanduku kinaonyesha #####.* Safu ni nyembamba. Bofya mara mbili mstari kati ya herufi za safu, juu.

*Tarehe imekuwa 45810.* Excel huhesabu tarehe kama siku tangu mwanzo wa 1900. Hiyo ni 02/06/2025. Badilisha mfumo wa kisanduku kuwa Date.

*Mama ana mimba ya wiki 6544.* Hujaandika hedhi ya mwisho na fomula haina ile IF ya mwanzo, hivyo Excel imehesabu kuanzia sifuri.

*Tarehe nyingine zimekaa kushoto, nyingine kulia.* Za kushoto zimechukuliwa kama maneno, hazitahesabika. Ziandike upya baada ya kurekebisha mfumo wa tarehe.

*Fomula inaonekana yenyewe badala ya jibu.* Kisanduku kiko kwenye Text. Kirudishe General, ingia ndani yake, bonyeza Enter. Fomula ikikataliwa kabisa, jaribu nukta mkato badala ya mkato; inategemea mpangilio wa kompyuta.

*Umeme ulikatika na sikuhifadhi.* Fungua Word, nenda File, Info, Manage Document, Recover Unsaved Documents. Mara nyingi kuna nakala, ikipungua aya chache.

*Flashi imejaa vikato vya njia (shortcut) badala ya folda zangu.* Ni virusi. Usivibofye. Ipeleke kwenye kompyuta yenye kinga iliyosasishwa, ichunguzwe. Kwa kawaida mafaili yako yapo, yamefichwa tu.

*Projekta haionyeshi kitu.* Bonyeza kitufe cha Windows na P, chagua Duplicate. Kama waya haulingani na tundu la kompyuta yako, utahitaji kiunganishi, kwa hiyo nenda ukaangalie ukumbi siku moja kabla. Projekta ikigoma kabisa, chora jedwali lako moja ubaoni, wagawie wasikilizaji nakala tatu nne ulizochapisha, uendelee.